Trio ya piano: uanze na ipi kati ya hizi nne?

Muziki ni uleule. Wapigaji ndio wanaomchanganya mtu. Tafuta trio ya Beethoven iitwayo "Archduke" kwenye programu yoyote ya muziki na utaletewa rekodi kwa makumi, zote za piano moja, fidla moja na selo moja, zote zikifuata noti zilezile alizozikamilisha Beethoven mwaka 1811. Bofya ya kwanza unayoiona na huenda ukaipenda. Huenda pia ukaamua kwamba muziki huu ni mkavu, kumbe ulichokikataa ni kundi moja tu.

Makala haya ni kwa aliyekwama hapo. Nimechukua makundi manne yaliyodumu: Beaux Arts Trio ya Marekani (1955 hadi 2008), Kalichstein-Laredo-Robinson, nayo ya Marekani (1977 hadi 2022), Trio Wanderer ya Ufaransa (tangu 1987), na ile ya Alfred Cortot, Jacques Thibaud na Pablo Casals, walioanza kupiga pamoja Paris karibu mwaka 1905 na kuachana 1934. Sidai kwamba ndiyo bora kuliko yote. Kuna Suk Trio ya Prague, kuna Florestan ya London, na wapenzi wao watanilaumu kwa kuwaacha nje. Nimeyachagua haya kwa sababu kila moja lilidumu kwa namna yake, na naamini namna watu watatu walivyokaa pamoja husikika kwenye muziki wao, hata kwa asiyesoma noti.

Vigezo

Nitayapima kwa mambo matano: uanachama, yaani nani alibaki na nani aliondoka, mizani ya sauti kati ya piano na nyuzi, kazi walizozipiga, hali yao jukwaani, na rekodi zenyewe, ubora wake na urahisi wa kuzipata.

Kigezo cha pili kinahitaji maelezo kidogo, maana ndicho kinachoamua mengi. Haydn na Mozart waliandika trio zao kwa piano nyepesi yenye fremu ya mbao, ambayo fidla yenye nyuzi za utumbo iliweza kushindana nayo bila shida. Piano kubwa ya jukwaani ya leo ina fremu ya chuma, urefu wa karibu mita 2.7 na uzito unaokaribia nusu tani. Mpigaji akijisahau kidogo tu, selo imezama. Tena piano hutiwa sauti na fundi kabla ya onyesho, na ikishatiwa imetiwa. Fidla na selo ndizo zinazolazimika kuisogelea, noti kwa noti, kwa ncha ya kidole. Juu ya hayo, mpiga piano huketi nyuma ya wenzake. Yeye anawaona, wao wanautazama ukumbi. Watatu hawa basi hawako katika hali sawa tangu wanapokaa, na kila kundi lina njia yake ya kulimaliza jambo hilo.

Ili ulinganisho uwe wa haki, tumia kipimo kimoja kwa wote. Mimi napendekeza hiyo hiyo "Archduke" (Op. 97; herufi na namba za aina hii hutambulisha kazi kwenye orodha ya mtunzi), kwa sababu makundi yote manne yaliirekodi na kwa sababu inaanza na piano peke yake, kwa upole, kabla ya nyuzi kuingia. Sikiliza mlango huo tu: je, fidla na selo zinaingia kama wageni, kama wenyeji, au hujui zimeingia saa ngapi?

Nani alibaki, nani aliondoka

Beaux Arts ilipanda jukwaani mara ya kwanza tarehe 13 Julai 1955, kwenye tamasha la Tanglewood katika jimbo la Massachusetts. Kwenye piano alikuwa Menahem Pressler, mzaliwa wa Magdeburg, Ujerumani, ambaye familia yake ya Kiyahudi iliikimbia nchi hiyo mwaka 1939. Fidla ilipigwa na Daniel Guilet, aliyemzidi Pressler umri kwa zaidi ya miaka ishirini na aliyekuwa kiongozi wa wapiga fidla katika okestra ya redio ya NBC ya Marekani chini ya kondakta Arturo Toscanini. Selo ilikuwa mikononi mwa Bernard Greenhouse, mwanafunzi wa Casals. Nia ya mwanzo ilikuwa ndogo: Pressler alitafuta wenzake wa kurekodi nao trio za Mozart.

Baada ya hapo watu wakapokezana viti. Guilet alimwachia Isidore Cohen mwaka 1968. Cohen alikaa hadi 1992, akaja Ida Kavafian, mzaliwa wa Istanbul. Mwaka 1998 akaingia Young Uck Kim kutoka Seoul, na 2002 Daniel Hope, mzaliwa wa Durban, Afrika Kusini. Upande wa selo Greenhouse alipiga miaka 32 kabla ya Peter Wiley kuchukua nafasi mwaka 1987, naye akafuatwa na Antonio Meneses, Mbrazili wa Recife, mwaka 1998. Jumla: wapiga fidla watano, wapiga selo watatu, mpiga piano mmoja. Pressler hakuondoka kwenye kiti chake miaka yote 53.

Msomaji wa Unguja atakumbuka Ikhwani Safaa, kikundi cha taarabu kilichoanzishwa 1905: vizazi vya wapigaji vimepita, jina liko palepale. Beaux Arts ilikuwa na sura hiyo, ila nguzo moja haikuguswa kamwe. Ndiyo maana mtu akikupa "rekodi ya Beaux Arts" muulize kwanza ni ya miaka ipi. Ya Guilet na ya Hope zimetenganishwa na karibu nusu karne, na ukizisikiliza mfululizo utadhani ni makundi mawili yaliyoazima mpiga piano mmoja.

Kalichstein-Laredo-Robinson ni kinyume kabisa. Joseph Kalichstein alizaliwa Tel Aviv, Jaime Laredo Cochabamba nchini Bolivia, Sharon Robinson Houston, Texas. Laredo wa fidla na Robinson wa selo ni mume na mke. Watu hao watatu walianza pamoja na hawakubadilishana na yeyote kwa miaka 45. Kalichstein alipofariki tarehe 31 Machi 2022, wawili waliobaki hawakutafuta mpiga piano wa kujaza pengo. Wangewezaje, jina la kundi likiwa ndilo majina yao matatu? Walianzisha kundi jingine la watu wanne, Espressivo!, na trio ikabaki ilivyokuwa.

Wanderer ni watoto wa shule moja. Walikutana katika chuo cha taifa cha muziki cha Paris mwaka 1987: Vincent Coq kwenye piano, Raphaël Pidoux kwenye selo, na Guillaume Sutre kwenye fidla. Mwaka 1995 Jean-Marc Phillips-Varjabédian akachukua fidla, na tangu hapo safu ikatulia. Miongoni mwa walimu wao alikuwamo Pressler, kwa hiyo ukisikia chembe ya Beaux Arts ndani yao hujakosea.

Cortot, Thibaud na Casals hawakuwa kundi la kudumu kwa maana ya wengine. Kila mmoja alikuwa nyota peke yake, na trio ilikuwa kazi ya kati ya ziara, ya marafiki waliopendana kimuziki. Haikubadilisha mtu. Iliisha tu.

Piano na nyuzi

Siri ya Pressler ilikuwa wepesi. Vidole vyake havikugonga. Sauti ilitoka kama ya mtu anayeimba nusu sauti, na kila noti ikabaki na nafasi yake hata mahali penye noti nyingi. Matokeo ni kwamba katika rekodi za Beaux Arts unaisikia selo mahali ambapo makundi mengine huizamisha. Katika "Archduke" nyuzi zinaingia bila mlango kufunguliwa; zilikuwamo tangu mwanzo, ndivyo unavyohisi. Mimi huipenda zaidi safu ya Cohen na Greenhouse kwa jambo hili. Ya Guilet ina ukali wa kupendeza kwenye fidla, wa mtu aliyelelewa katika mtindo wa zamani, na wapo wanaoapa kwamba hapakuwahi kuwa na nyingine.

Upande wa Kalichstein sauti ni pana na nzito zaidi. Piano yake ina besi kubwa, na mume na mke wanaijibu kwa upinde mrefu, wenye joto. Fidla na selo zao zinapumua mahali pamoja, na zinapopiga sauti mbili zinazofuatana kwa karibu huwezi kusema nani ameanza. Kasoro ya uzuri huo, kama ni kasoro, ni kwamba mara nyingine husikii watatu wakibishana. Beethoven anataka ubishi hapa na pale.

Wanderer wanabishana, lakini kwa adabu na kwa usahihi. Mipigo yao inakatwa safi, fidla haitetemeshwi kupita kiasi, na piano ya Coq iko wazi bila kutanda. Anayependa kusikia muundo, yaani nani ana wimbo na nani anamsindikiza, atafurahi. Anayetaka kutokwa na machozi kwenye dakika ya tatu huenda akawaona baridi. Wape muda, katika sehemu za polepole wanafunguka.

Kwa Cortot na wenzake sahau habari ya usawa. Ni watu watatu wenye tabia kubwa, kila mmoja akizungumza kwa lafudhi yake. Fidla ya Thibaud inateleza kutoka noti hadi noti, mtindo uliokuwa wa kawaida wakati ule na ambao sikio la leo hushtuka nao. Cortot alijulikana kwa kukosea noti, na kwenye rekodi makosa mengine yamo. Lakini mwendo wao una uhuru usiofundishika: wanachelewa pamoja, wanawahi pamoja, bila dalili ya kwamba mtu amehesabu.

Walichopiga

Hapa Beaux Arts haina mshindani kwa wingi. Walirekodi karibu kila kitu muhimu kilichoandikiwa vyombo hivi vitatu, na kazi yao kubwa kuliko zote ni trio zote za Haydn, zaidi ya arobaini, walizozirekodi kwa kampuni ya Philips katika miaka ya 1970. Mkusanyiko huo ulipewa tuzo ya Rekodi ya Mwaka ya jarida la Uingereza Gramophone mwaka 1979. Kabla yake trio za Haydn zilipuuzwa na wengi, kwa sababu selo humo mara nyingi hufuata tu mkono wa kushoto wa piano. Greenhouse alikubali kupiga nafasi hiyo ndogo kwa heshima ileile aliyoipa Brahms, na ndipo watu walipotambua kilichokuwamo. Wamarekani wa wakati wao pia waliwaandikia: Ned Rorem, na David Baker, mwanamuziki wa jazi aliyekuwa mwalimu mwenzake Pressler katika Chuo Kikuu cha Indiana.

Kalichstein-Laredo-Robinson walibaki zaidi kwenye shina la karne ya 19, Beethoven, Mendelssohn, Brahms, wakaongeza Ravel na Shostakovich. Walipokuwa na la pekee ni kwa watunzi walio hai. Ellen Taaffe Zwilich, mwanamke wa kwanza kushinda Tuzo ya Pulitzer ya muziki (1983), aliwaandikia trio mwaka 1987, kisha konseto ya vyombo vitatu na okestra mwaka 1995. Mtunzi anayerudi kwa wapigaji walewale huandika akiwa na sauti zao masikioni, na hilo ni faida ya kutobadilisha watu.

Wanderer wana Ufaransa. Ravel, Chausson, Fauré, Pierné, Saint-Saëns: kama unataka mkondo huo, kwao ni nyumbani. Wana pia Schubert, ambaye jina lao linamwamkia, na Beethoven wote, na Brahms. Trio ya Ravel ya mwaka 1914, yenye dakika kama 27, ndiyo ningempa mtu anayedhani muziki huu wote unafanana.

Cortot, Thibaud na Casals waliacha rekodi chache sana: Schubert (D. 898) ya 1926, Haydn na Mendelssohn (Op. 49) za 1927, Schumann na "Archduke" za 1928, na vipande vingine vichache. Unaweza kuzimaliza wikendi moja.

Jukwaani

Ukibahatika kuona picha za video za Beaux Arts, mtazame Pressler. Alikuwa mtu mfupi, na kichwa chake kilikuwa kimegeuka muda wote kuwaelekea wenzake. Macho yake yalikuwa kwao kuliko kwenye noti. Niliyosema juu, kwamba mpiga piano ndiye anayewaona wengine, yeye aliyageuza kuwa kazi. Trio hiyo ilipiga onyesho lake la mwisho Marekani palepale Tanglewood tarehe 21 Agosti 2008, na la mwisho kabisa Lucerne, Uswisi, tarehe 6 Septemba. Pressler hakustaafu. Mwaka 2014, akiwa na miaka 90, alipiga kwa mara ya kwanza na okestra ya Berlin Philharmonic. Alifariki London Mei 2023 akikaribia miaka 100.

Kalichstein-Laredo-Robinson walijitambulisha kwa hadhira isiyo ya kawaida: Ikulu ya Marekani, Januari 1977, katika sherehe za kuapishwa kwa Rais Jimmy Carter. Jukwaani walikuwa watulivu, bila mbwembwe, watu waliojuana kiasi cha kutohitaji ishara. (Laredo alikuwa amezoea heshima za kiserikali. Aliposhinda mashindano ya fidla ya Malkia Elisabeth ya Ubelgiji mwaka 1959, Bolivia ilimtolea stempu za posta zenye picha yake na noti tatu: la, re, do.)

Wanderer ndio wa kufuatilia ratiba ukiwa Ulaya. Wale wengine watatu wamekuwa historia. Hawa wamefanya kazi yao kubwa katika karne hii, na wanaosoma haya wakiwa Paris, Brussels au Geneva wana nafasi ambayo sisi wa huku hatuna. Onyo kwa anayekwenda mara ya kwanza: usipige makofi kati ya sehemu na sehemu. Katika "Archduke" sehemu ya tatu na ya nne zimeunganishwa bila kituo, na mara nyingi hapo ndipo mgeni hukamatwa akiwa anatafuta pipi mfukoni.

Ya Cortot na Casals kuhusu jukwaa yana uchungu ndani yake. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, miaka mitano baada ya trio kuisha, Cortot alishika wadhifa katika serikali ya Vichy iliyoshirikiana na Wajerumani, wakati Casals, Mhispania aliyempinga dikteta wa nchi yake, Franco, aliishi uhamishoni. Walikuja kupiga tena pamoja huko Prades, Ufaransa, mwaka 1958, wazee wote wawili. Thibaud hakuwapo: alikuwa amekufa katika ajali ya ndege mwaka 1953.

Rekodi, na bando lako

Beaux Arts ni rahisi kupata na sauti ni nzuri. Rekodi zao za Philips zilikusanywa mwaka 2015 na Decca katika kasha la CD 60, na nyingi zimo kwenye programu za kusikilizia muziki. Shida yake ni wingi huo huo. Utakuta "Archduke" yao zaidi ya moja, na programu hazielezi vizuri nani anapiga fidla. Angalia mwaka: kabla ya 1968 ni Guilet, baada yake hadi 1992 ni Cohen.

Wanderer wamerekodi na Harmonia Mundi kwa miaka mingi, na sauti yao ndiyo safi kuliko zote nne. Ukiwa na spika nzuri utaisikia tofauti. Kalichstein-Laredo-Robinson wametawanyika kwenye kampuni ndogo kadhaa, na wakati mwingine hutafutwa kwa jina refu na kukosekana. Jaribu kuandika jina la mtunzi pamoja na "Laredo" peke yake.

Rekodi za Cortot zilitengenezwa kwa santuri za zamani zenye dakika nne hivi kila upande, kwa hiyo wapigaji walilazimika kusimama na kuanza tena ndani ya sehemu moja ya muziki. Sauti ni ya chaneli moja, na chini yake kuna mkwaruzo kama wa mafuta ya kukaangia. Baada ya dakika tano sikio huuzoea, au huuchoka kabisa. Jaribu kabla ya kununua chochote.

Kuhusu gharama: "Archduke" nzima ni dakika 40 hivi. Kwa ubora wa kawaida wa kbps 160 itakula kama MB 50. Ukiweka ubora wa juu wa 320, zidisha mara mbili. Mwenye bando dogo na aanze na trio ya Haydn, zile za dakika 15, au aipakue kwenye simu akiwa na Wi-Fi. Rekodi ya Cortot haina haja ya ubora wa juu, hakuna kitakachoongezeka isipokuwa mkwaruzo.

Kwa hali yako

Hujawahi kusikiliza muziki huu na unataka mlango mmoja tu: Beaux Arts ya miaka ya 1970 inafaa wengi, kwa kuwa haikusukumi wala haikulazimishi. Anza na Haydn, trio yenye sehemu ya mwisho ya mtindo wa Kijipsi (Hob. XV:25), kisha Schubert. Ila kama wewe ni mtu wa hisia nzito, unayependa sauti ikujae chumbani, utaingia kwa urahisi zaidi kupitia Brahms ya Kalichstein-Laredo-Robinson, hasa Op. 8, ambamo selo inaachiwa wimbo mrefu mapema kabisa.

Unapenda selo kuliko vyote, labda kwa sababu ya taarabu: linganisha Greenhouse na Robinson. Greenhouse ni msimuliaji anayejizuia. Robinson anakupa yote. Kisha sikiliza mwanzo wa trio ya pili ya Shostakovich (1944), ambapo selo inapiga juu kabisa, juu ya fidla, kwa sauti nyembamba inayosikika kana kwamba imetoka chombo kingine.

Unasoma muziki, au unafundisha, na unataka mfano wa kuiga: Wanderer. Kila kitu kinasikika, mwendo hauyumbi, na mwanafunzi anaweza kufuata noti akiwa na rekodi bila kupotea. Usimpe anayeanza rekodi ya Cortot kama mfano. Atajifunza kuteleza kabla hajajua kusimama. Mpe baadaye, akishakuwa msafi kupita kiasi.

Umeshasikiliza sana na kila rekodi mpya inakuchosha kwa ukamilifu wake: hapo sasa ni Cortot, Thibaud na Casals, Schubert ya 1926, taa zikiwa zimezimwa au hazijazimwa, vyovyote.

Una hamu ya watunzi wa karibu na wakati wetu: Zwilich na Kalichstein-Laredo-Robinson, au albamu ya Beaux Arts yenye kazi za Rorem na Baker. Na kama unataka kujifunza jinsi mpiga piano mmoja anavyobadilika wenzake wakibadilika, chukua kazi moja, kwa mfano "Dumky" ya Dvořák, na umsikilize Pressler akiwa na Cohen, kisha akiwa na Hope. Ya Cohen inacheza zaidi. Ya Hope ina kasi, na mzee anakimbia pamoja na kijana.

Mmejikuta watatu, mna piano, fidla na selo, na mnataka kupiga wenyewe: acheni Beethoven na Brahms kwa sasa, anzeni na Haydn. Sehemu ya selo inamfaa hata anayejifunza, kwa kuwa mkono wa kushoto wa piano unamshikilia. Mzigo wote uko kwa mpiga piano, kwa hiyo kabla ya kukubaliana chochote hakikisheni huyo ana muda wa mazoezi. Kama piano ni ile kubwa, jaribuni kwanza na kifuniko kikiwa kimefunguliwa nusu.